Mwalimu Mizizi na Ukoo wa Maneno

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu ili mtusindikize, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mtutegee sikio kidogo tuwasimulie maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Mizizi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1950, mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na inasemekana alichelewa kusema mpaka bibi yake akaingiwa na wasiwasi, lakini alipoufungua mdomo hakuufunga tena, kila kitu akawa anauliza kwa nini kinaitwa hivyo, na mama yake, akiwa na cherehani mbele yake na mteja mlangoni, alimjibu kwa kumpa bakuli la vifungo avichambue.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia shule ya bweni ya wasichana mwaka 1966, na huko akakutana na mtawa mzee aliyefundisha Kilatini, somo ambalo wenzake walilikimbia mmoja baada ya mwingine, hata akabaki yeye na mtawa wakisoma bega kwa bega kwenye dawati moja, na ndipo alipogundua kwamba yale maneno marefu ya Kiingereza yaliyokuwa yakimtoa jasho yana wazazi, yana na mababu, na ukishamjua babu, wajukuu huhitaji kuwakariri.

Alihitimu ualimu mwaka 1973, akapangiwa sekondari ya jirani na stesheni ya reli, akafundisha Kiingereza hapo mpaka alipostaafu mwaka 2010, na miaka yote hiyo fimbo yake ilikuwa ya kuonyeshea ubaoni tu, kwani aliwaambia walimu wenzake kwamba neno discipline limezaliwa na Kilatini cha kujifunza, ni ndugu yake disciple, yaani mwanafunzi, wala halina undugu na kiboko. Waliosoma kwake wanalikumbuka somo la kwanza la kila mwaka, alivyokuwa akiinua mkono wake wenye vumbi la chaki, akauita manus, jina lake la Kilatini, kisha akawaita wajukuu: manual, kazi ya mkono, manuscript, kilichoandikwa kwa mkono, manage, ambaye zamani alikuwa kumwongoza farasi kwa hatamu, na manufacture, kutengeneza kwa mkono, "huyu siku hizi anakaa na mashine," alisema, "bibi yake amemsahau kabisa." Mkaguzi mmoja alimwambia kwamba hajakiona Kilatini kwenye muhtasari, naye akajibu kwa adabu, "Hata mimi sijakiona, bwana mkaguzi, lakini wajukuu zake wamejaa kitabuni, nashindwa kuwafukuza." Jina la Mizizi lilianzia darasani humo, likatoka nje ya ukuta wa shule likiwa limepotea njia kidogo, kwa sababu kuna bwana aliyembishia hodi asubuhi akiomba mizizi ya kutibu kiungulia, akakaribishwa chai, akaondoka na kiungulia chake na maneno manne mapya.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na dereva wa lori, ambaye walijuana siku alipoleta madawati shuleni, akaulizwa kazi yake akasema kwa kujishusha, "Mimi ni wa kubeba tu, mwalimu," naye akamweleza palepale, madawati yakiwa bado juu ya lori, kwamba kubeba kwa Kilatini ni portare, na huyo ndiye aliyemzaa transport, akamzaa support, ambaye ni kumbeba mtu kwa chini asianguke, na hata important ni wa ukoo huohuo. Mzee wetu anakiri kwamba nusu ya maelezo hakuyaelewa, "lakini nilielewa kwamba huyu hajanidharau," na wiki iliyofuata alirudi na lori tupu, akidai amekuja kuangalia kama madawati yamekaa sawa.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1981, na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, binti wa mwalimu wa Kiingereza alifeli Kiingereza katika mtihani wa kumaliza sekondari, majirani wakapata la kuzungumza, naye akakimbilia kwa shangazi yake asitake kuonana na mtu. Marehemu alimfuata siku hiyohiyo, na shangazi alipomwambia mlangoni, "Wifi, mtoto anaona aibu," alijibu, "Wifi, nimekuja kumchukua mwanangu, sikuja kuchukua cheti," wakarudi nyumbani wameshikana mikono, na mwezi uliofuata akampeleka mwenyewe kwenye gereji ambayo binti alikuwa akiitamani tangu utotoni, ambako alijifunza ufundi wa magari, kazi aliyonayo mpaka leo.

Tarehe 2 Agosti 2017 marehemu alipata kiharusi akiwa jikoni, akalazwa, akapona mwili kwa sehemu kubwa, lakini maneno yalikuwa yamemtoka, Kiingereza chote na Kiswahili karibu chote, akawa anatutazama kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta kufuli limebadilishwa. Binti yake akawa anafunga gereji mapema, anakuja na harufu ya oili mikononi, anainua kikombe na kuuliza, "Hiki nini, mama?", mama anasema sufuria, machozi yanamlenga, binti anakiweka chini na kusema, "Hatuna haraka," kisha anakiinua tena. Neno la kwanza kurudi bila kusukumwa lilikuwa "kelele", na liliwaelekea mumewe na redio yake, mzee akaizima akicheka na kulia.

Kiswahili kilirudi polepole, Kiingereza hakikurudi, na daktari aliyekuwa akimtibu, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alipomsalimu kwa lugha hiyo, marehemu alimwambia, "Mwanangu, huko nimehama." Daktari aliinua mkono wake mwenyewe, akawataja manus na wajukuu zake wote, marehemu akasikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Hao wote ni ndugu?" "Ndiyo, mwalimu, wewe ndiye uliyetuambia." Akatabasamu, akasema, "Basi ni ukoo mkubwa, Mungu aubariki," na hakuonekana kusikitika, sisi ndio tuliotoka nje kufuta macho.

Moyo ulianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 2021, na tarehe 23 Februari 2022, asubuhi, akiwa kitandani kwake, alimwita mumewe "kaka", mumewe akaitika bila kumsahihisha, akamuuliza binti yake kama amekula, akajibiwa kwamba amekula, akafumba macho, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inawashukuru walimu wenzake na wanafunzi waliojaa hapa leo, na inawashukuru kwa namna ya pekee majirani, ambao ile miezi maneno yalipokuwa yamemtoka mliendelea kuja jioni, mkaketi naye, mkamsimulia bei za sokoni na vituko vya wajukuu zenu, bila kudai jibu. Alikuwa anawasikia, alituambia baadaye.

Mama, Mwalimu, umefundisha, umelea, umependwa, sasa pumzika kwa amani.