Salu Anarudi Sekenke

Kijiwe chetu pale Bariadi kipo mbele ya banda la Luhaga, fundi baiskeli tunayemwita Injinia. Benchi ni ubao mmoja mrefu. Ukikaa pembeni na wa upande wa pili akainuka ghafla, unakwenda chini. Januari huleta birika lake la kahawa kabla jua halijakaza, na mabishano huanza hapo. Asubuhi hiyo tulikuwa Injinia mwenyewe, Redio, anayeongea hata asipowashwa, Mzee Mayige tuliyembatiza Fahali kwa kuwa kila jambo hulipima kwa ng'ombe, na mimi. Akaja Salu anaikokota baiskeli yake ya mashindano. Mji mzima ulikuwa umesikia yaliyompata mwaka jana kwenye mlima Sekenke, ukitoka Igunga kwenda Singida.

— Mwangaluka, akatusalimu kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu, akaitika Fahali, kama anavyomwita kila mama.

— Injinia, nikazie cheni. Kesho naondoka. Narudi Sekenke.

Redio akakitua kikombe.

— Kule kule ulikobebwa na mbuzi?

— Sikubebwa na mbuzi. Nilibebwa pamoja na mbuzi.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaketi katikati yetu, Januari akammiminia kahawa.

— Mnacheka kwa sababu hamkuwepo, akasema. Kwenye tambarare nilikuwa mbele ya wanawake wote. Mlima ulipoanza wakanipita mmoja mmoja, wale wasichana wa Singida, wanapanda huku wanapiga soga! Nyuma yangu lori linanguruma, linanipigia honi, likinipita moshi wote naumeza mimi. Kwenye kona moja miguu ikakakamaa. Nikatapika uji wote wa asubuhi. Nyani wamekaa kwenye ukingo wa barabara wananiangalia. Basi likapita, kondakta akatoa kichwa: "Mama, rudi Usukumani ukapalilie pamba!" Basi zima likacheka. Jamani, kile kicheko kiliniuma kuliko miguu. Nikashuka, nikakaa kwenye jiwe nikalia. Pikapu ya mbuzi ilikuwa inateremka, ikanipakia.

Redio hawezi kimya.

— Tatizo ni hewa. Kule juu hewa inagombaniwa. Wenyeji wanaivuta yote, mgeni unabakiziwa moshi.

— Hewa inaisha, Redio? nikamuuliza.

— Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

— Methali imeingiaje hapo?

— Mlimani si kuna miti?

Injinia akapunga spana.

— Sikilizeni watu wa ufundi. Chini ya Sekenke kulichimbwa dhahabu tangu enzi za Mjerumani. Penye dhahabu pana sumaku. Sasa baiskeli ni chuma. Unakanyaga pedeli, mlima unavuta chuma chake. Utafika wapi?

— Na malori? akauliza Januari. Si chuma?

— Ndiyo maana yananguruma!

Fahali akakohoa, akasubiri tumtazame.

— Nyie mnaongea utoto. Mlima una wenyewe. Ng'ombe mgeni akiingia zizini bila kutambulishwa, anapigwa pembe. Huyu mtoto alipita bila kuwasalimia wakubwa wa pale. Wale nyani unadhani ni nyani?

— Ni nani, babu?

— Ni wazee wa baraza. Walikuwa wanajadili kesi yake.

— Basi walinihukumu, akasema Salu. Nakwenda kukata rufaa.

Safari hii naye alicheka, ila kwa muda mfupi. Injinia akamuuliza taratibu:

— Limbu anasemaje?

Limbu ni mumewe.

— Ameniruhusu mara hii tu. Nikirudi tena kwenye pikapu, baiskeli inafungwa madumu ya maji na habari ya mashindano inaishia hapo. Mama yake ameshaniandalia na madumu.

— Nawe ukakubali?

— Nimekubali kwa sababu sirudi kwenye pikapu.

— Mwanangu, Bariadi hii hatuna mlima wa maana, akasema Fahali. Umejifunzia wapi kupanda?

— Nilifunga gunia la mchanga nyuma ya baiskeli. Naenda nalo Maswa, narudi nalo, upepo unanipiga usoni. Watu wa Binza, kule njiani, wanajua. Mwanzoni walinipa pole, wakidhani nimetumwa. Mlima hatuna, babu, nikajitengenezea wangu.

Injinia akachutama, akaanza kukaza cheni. Redio akanyoosha kikombe, Januari akamwongezea kahawa.

Kumbe nyuma yetu alikuwa amesimama mwanamke na baiskeli yenye pancha, anasubiri zamu. Ni Philomena, muuguzi aliyehamishiwa hapa juzijuzi kutoka Lushoto, kule milimani.

— Samahani, dada. Hizo mbio zinaishia juu mlimani?

— Hapana, akajibu Salu. Mnageuzia juu, Misigiri, halafu mnarudi kumalizia Shelui, chini ya mlima.

— Sasa kushuka, unashukaje?

Tukatazamana. Fahali akatafuta ng'ombe wa kumsaidia, akamkosa. Tangu mwaka jana tulikuwa tumebishana juu ya kupanda tu.

— Sijui, akasema Salu. Sijawahi kufika juu.

Injinia aliinama akashika usukani wa baiskeli ya Salu. Akabonyeza breki. Mkono wa breki ukaenda hadi mwisho, laini, gurudumu halina habari. Alitazama chini.

— Nilizitoa mimi, akasema. Za mbele na za nyuma. Nilitaka iwe nyepesi. Huku kwetu mtu akitaka kusimama, anaacha kukanyaga.

— Kwetu, akasema Philomena, tumezika watu kwa hilo.

Januari aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Salu. Likatoa tone moja na mashapo ya kahawa. Salu alikuwa ameduwaa, anaitazama baiskeli yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nikadhani atasema haendi.

Kisha akasogea kwenye benchi, akampisha Philomena akae.

— Injinia, weka breki. Za mbele na za nyuma. Nikifika juu nitazihitaji.