Nyuki Ndani ya Spika ya Osewe

Nyuma ya Soko la Toi, pale njia inapoteremka kuelekea Kisumu Ndogo, kuna benchi ya mbao ambayo haijawahi kukaliwa na mtu asiyejua kila kitu. Mwenye benchi ni Seline, mathe wa kahawa ya tangawizi, na birika lake likianza tu kutoa mvuke, mbogi, kundi lake la kila siku, inajipanga: Okoth, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani ya mitumba, Kiragu, anayeitwa Ploti kwa sababu babake ana ploti Kawangware na yeye ana maneno, na katikati yao, akijaza nafasi ya watu wawili, Osewe, DJ Tetemeko mwenyewe, aliyeacha shule darasa la saba akidai walimu wanamchelewesha. Lakini asubuhi hiyo Osewe alikalia ncha ya benchi kama mgeni. Nyuma yake, kando ya magunia ambamo Seline hupanda mboga, ilisimama spika yake kubwa, imefunikwa turubai nusu, na kwenye lile tundu la kutolea besi nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kama watu wa Toi siku ya kufungua bale la mitumba.

— Buda, leo ni Alhamisi, Kiragu akaanza, akitikisa mkebe wa dawa ya wadudu. Jumamosi shangazi yangu anafanya shukrani pale Kawangware 46. Ametoka hospitali mzima. Mimi ndiye nilimwambia, chukua Osewe, ana spika mbili za kung'oa mabati. Sasa?

— Sasa bado ziko mbili, Osewe akasema. Moja tu iko bize.

— Piga dawa tumalize. Haraka haraka haina baraka, kwa hivyo piga sasa hivi.

— Siwezi. Niliapa.

Na hapo ndipo ngori, shida yenyewe, ilipokuwa. Mvua ya Aprili, ukuta wa nyumba yake ya udongo ulilalia kitanda, na Osewe hakuwa kitandani. Jumapili iliyofuata alinyakua maikrofoni kanisani, akatangaza kwamba Mungu amemwachia uhai wake, kwa hivyo naye hatadhuru uhai wa yeyote wala chochote: hatachoma taka za plastiki, hatamwaga oili chafu mtaroni, hatapiga hata mbu. Watu walilia. Na kwa kuwa nyumba ilibaki nusu, spika moja ikahamia kwa Seline. Ndipo nyuki wakaiona.

— Uliambia kanisa ulikuwa nje unaomba, Okoth akasema. Mimi nilikuona ukitoka chooni.

— Kila mtu na madhabahu yake, Profesa.

— Na hao samaki wadogo, omena, je? Okoth akaendelea. Ng'ombe mmoja analisha harusi nzima, na yule ni marehemu mmoja. Wewe jana kwa sahani moja umemaliza kijiji, na chifu wao.

— Omena niliwakuta wameshaaga. Mimi niliwasindikiza tu.

Okoth akasukuma miwani juu, ishara kwamba sayansi inakuja.

— Sikizeni. Hao nyuki wamefuata besi. Hiyo spika imepiga matanga kutoka hapa mpaka Siaya, mbao zake zimelewa mziki. Hao ni nyuki wa nyumbani, Osewe. Wamesafiri kukutafuta.

— Nyuki wa Siaya? Kiragu akacheka. Hao ni wa Kawangware, nawajua kwa bidii. Asubuhi kazini, jioni nyumbani, hakuna kukaa benchi. Waache wazoee, utaona wakienda kortini kudai hiyo spika ni ploti yao.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Okoth akasema. Tuwape kazi! Jumamosi tuipeleke hivyo hivyo. Osewe anaweka mziki, wanatoka wote pamoja, shangazi anadhani ni malaika.

— Shangazi ameshonwa tumbo juzi! Unataka akimbie?

— Si daktari alisema afanye mazoezi?

Hata Osewe akacheka, kisha akaigeukia spika. Alikuwa ameshatangaza Kisumu Ndogo yote kwamba Jumamosi Kawangware itamjua. Jina lake lilichorwa kwa rangi nyekundu kwenye spika zote mbili, TETE huku, MEKO huko. Msee anatokea vipi na nusu ya jina? Na akipiga dawa, nani atamsema? Mbona hata pasta huua mende. Lakini kila akiutazama ule mkebe, alikumbuka udongo uliojaa kwenye mto wake, pale kichwa chake hulala.

— Nyinyi mnajua hilo gunia la malenge nilikuwa navuna nini? Seline akauliza bila kugeuka. Maua. Mwaka jana maua, mwaka juzi maua, yanaanguka tu. Njooni muone sasa.

Akainua jani. Chini yake palilala malenge manono, moja likiwa kubwa kama kichwa cha Kiragu, na lilionekana kuwa na mawazo zaidi.

— Hawa wadudu nawashukuru kuliko nyinyi. Hawajawahi kuniambia tangawizi ni kidogo.

— Fuata nyuki ule asali, Okoth akasema.

— Mimi sikuwafuata, Osewe akajibu. Wao ndio wamenifuata. Sasa nani ataliwa?

Kiragu akasimama.

— Kama wewe uliapa, mimi sijaapa.

Akaiendea spika, mkebe mbele kama bastola. Okoth akaruka nyuma ya Seline.

— Wewe Ploti! Hao ni wakali! Watamaliza mtaa!

— Ndio maana wafe kwanza!

— Wataua mtu!

— Niaje, sauti ikasalimu.

Alikuwa Wakarima, binti wa yule shangazi, ameteremka kutoka Ngong Road kuziona spika kabla ya Jumamosi. Alikuwa amesimama hapo kitambo, akiwasikiza.

— Wameuma nani?

— Nani tena? Kiragu akauliza.

— Hao nyuki. Hapa wameuma nani?

Kiragu akajikagua mkono mmoja, kisha wa pili. Okoth akafungua mdomo, akasema, "Kisayansi," akavua miwani akaipangusa. Tangu ile mvua ya Aprili walikuwa wakikaa hapo kila siku, migongo yao ikitazamana na lile tundu, wakinywa kahawa yenye sukari tele.

Osewe akainuka, akautoa mkebe mkononi mwa Kiragu polepole.

— Wakarima, nisikize. Cuzo yako Ploti alikuahidi spika mbili. Mimi pia nilisema hivyo, na mimi husema mengi. Nitakuja na moja. Hii ingine iko na wenyewe.

Akangoja aambiwe kazi imeenda. Wakarima alilitazama lile tundu, nyuki mmoja akatua kwenye mkono wa sweta yake, akapumzika, akaenda zake.

— Moja ni sawa. Mathe wangu hataki mabati yang'oke. Anataka tu kuimba, ajisikie bado ana sauti. Sasa nisongeeni.

Nafasi iliyobaki ilikuwa ile ya kando ya spika. Akaikalia, akapokea kikombe cha Seline kwa mikono miwili.