Risala ya Wasanii wa Kichochoro cha Nyundo Kuhusu Mlango Namba Saba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Viongozi uliofuatana nao. Mafundi chuma, wenyeji wetu. Mabibi na mabwana:

Sisi wachoraji, wachongaji na watengeneza filamu wa kichochoro hiki, hapa Seoul, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mikono yenyewe ina rangi, utatuwia radhi. Tunajua umekuja kuweka jiwe la msingi la Jumba la Wasanii, na kwa nia hiyo njema tunakushukuru.

HISTORIA FUPI

Mheshimiwa, tulihamia vyumba vya juu miaka kumi na miwili iliyopita, kwa kuwa hakuna mwingine aliyevitaka. Chini walikuwapo mafundi thelathini na mmoja, na kelele tangu alfajiri. Wa kwanza kutupokea alikuwa Mzee Pyo Gil-sang, mkereza chuma wa mlango namba saba. Alitupokea kwa masimango. Alipomwona mwenzetu Noh Da-gyeong, huyu anayekusomea, akihangaika na kamera ngazini, alimuuliza kama kwao hakuna kazi. Kesho yake alimpandishia supu ya moto na kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili.

Siku ya tambiko la kuanza filamu yetu ya kwanza, kichwa cha nguruwe kikiwa tayari mezani, tuligundua reli ya kamera imepinda. Mzee Pyo alikuwa kwenye foleni ya kukiinamia kichwa hicho na kuomba heri, kama sisi. Aliondoka na reli, akairudisha imenyooka kabla mishumaa haijaisha, ndipo naye akainama. Kisha akamwambia Da-gyeong, "Nimemwomba nguruwe akusaidie, mwanangu. Mimi nimeshachoka."

MAFANIKIO

Filamu ile imeonyeshwa katika miji tisa. Sanamu zetu zimesimama kwenye viwanja na kumbi za nchi kadhaa. Hatujishushi, Mheshimiwa: kazi tunaiweza, na tunajijua. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna sanamu yetu hata moja iliyosimama bila mkono wa fundi wa chini.

CHANGAMOTO

Changamoto kubwa ni kosa letu wenyewe. Miaka minne iliyopita tulichora picha kwenye milango ya mafundi, hii ya bati ya kupandisha na kushusha. Tulitaka zionekane jioni, fundi akishafunga, ili kichochoro kisipooze. Zikapendeza kupita kiasi. Wakaja wapiga picha, ikafuata mikahawa, na wenye nyumba wakaanza kuwahamisha mafundi. Leo wamebaki wanne. Picha zetu sasa zinaonekana mchana kutwa na wageni wanazisifu, nasi tunaona haya, maana kila picha inayoonekana saa za kazi ni fundi aliyeondoka.

Naye Mzee Pyo ameambiwa ahame mwisho wa mwezi huu, kwa sababu Jumba la Wasanii litasimama mahali pa namba saba. Da-gyeong alishuka kumwomba radhi, akamkuta anaipaka mashine mafuta. Mzee hakuinua kichwa.

"Mlango mliuchora vizuri," alisema. "Ila mimi huwa siuoni. Nikiwa kazini uko juu."

Da-gyeong alilia pale pale, na hatuoni sababu ya kukuficha.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Jumba hatulitaki. Ramani yake ni nzuri, lakini humo ndani reli atatunyooshea nani? Namba saba ni mali ya wilaya, na kalamu unayo wewe. Tunaomba Mzee Pyo na wenzake watatu wapewe mkataba wa kubaki. Vyumba vyetu vya juu vinatutosha, hata vikivuja.

Jiwe la msingi liko pale, na utepe wake. Lakini leo Mzee Pyo amekubali kuchelewa kufungua kwa heshima yako. Kwenye mlango wake tulimchora nguruwe wa tambiko anayecheka, na wengi wanasema ndiyo kazi yetu bora. Kabla ya jiwe, tunakuomba utembee hatua arobaini, ushike mpini, uupandishe mlango huo. Picha yetu itatoweka mbele ya macho yako, nasi tutapiga makofi.

Mungu aupe mkono wako nguvu, na wilaya yako isikose kelele za kazi.

Ni sisi,
Umoja wa Wasanii wa Ghorofa ya Juu, Kichochoro cha Nyundo