Fundi Aliyekataa Kufuta Majina

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Daktari Mkuu wa hospitali yetu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wenzangu wa mapokezi: habari za mchana!

Leo nastaafu, na mngependa niseme maneno matamu kisha tukate keki. Keki itasubiri. Kesho Bodi inaamua kama kampuni inayotutengenezea programu ya wagonjwa iendelee, au kazi wapewe wengine wa bei nafuu. Kesho mimi sipo, basi nitasema leo.

Tulipoanza na kampuni hii, tuliwaagiza programu ifute kila jina linalojirudia. Waliowatangulia wangejibu, "Sawa mama, hamna shida." Hao hata ungewaagiza mwezi, hamna shida! Lakini fundi mkuu wa kampuni hii, tunayemwita Bwana Hapana, alinitazama akasema, "Hapana, mama. Kwanza nikae nawe dirishani, hapo mapokezi."

Jamani, nilikasirika! Yaani tumwajiri, halafu atukatalie? Akavuta kiti, akakaa. Asubuhi ileile wakaja bibi na mjukuu wake aliyepewa jina lake: jina moja, nyumba moja, simu moja. Bibi ana presha, mtoto ana kifua. Programu tuliyoitaka ingewafanya mtu mmoja, na mtoto angepewa dawa za bibi yake. Agizo lile nikalifuta mimi mwenyewe, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Tangu hapo, kila fundi mpya wa kampuni ile hukaa kwanza dirishani, afokewe na foleni kama sisi, ndipo aguse programu. Nasi tukazoea kuwaeleza shida yetu badala ya kuwapa amri. Tumegombana, tumenuniana, tumekatiana simu. Lakini ni nani humu aliyeishi na mwenzake miaka mingi bila kununiana?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wale wa bei nafuu niliwaandikia mimi mwenyewe: njooni mkae dirishani asubuhi moja tu. Wakajibu kwamba hakuna haja, kazi wameshaielewa. Wameielewaje, na mlango wetu hawaujui? Msiwape!

Wengine mmeniuliza mbona Bwana Hapana hayupo kwenye sherehe yangu. Yuko dirishani sasa hivi na vijana wake, wanapokea wagonjwa, ili wenzangu wote wa mapokezi waje kuniaga.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Asanteni sana.