Semahoro Aliyetupangia Kivuli

Wachungaji, wazee, mama na baba, majirani wote, mimi ni Constantin, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, na munisamehe sauti ikipanda, kwa maana leo nina kinyaa zaidi ya machozi.

Marehemu Semahoro alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 kule Bijombo, kwenye milima ya juu ya Uvira, kwetu Kongo, mtoto wa pili wa mzee Rwakabuba na mama Nyirabizimana, watu wa ng'ombe, fasi ya baridi ambako nyumba hujengwa zimezibwa kabisa ili joto la moto lisitoke. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akashuka Uvira kwa sekondari, akapata diploma ya ujenzi mwaka 1982, akajenga madarasa na zahanati za kanisa, na tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu Umwiza, Mungu akawapa Benitha, Nehemiya na Georgette.

Vita vya Oktoba 1996 vilimtoa kwake, akafika hapa Nakivale, kambi hii ya wakimbizi ya Uganda, Februari 1997, akatukuta sisi watu wa milimani tunafanya ujinga wetu, tumejenga kama vile tuko Bijombo, madirisha ya kupitisha mkono tu, na watoto wanazimia ndani kwa joto. Mwaka 2003 shirika moja lilimpeleka kaskazini mwa Kenya kujifunza namna ya kupanga vijiji vya jangwani, na kati ya 2005 na 2008 alitupangia mtaa wetu, kuta nene za udongo, milango ikitazamana uwanjani, migongo ya nyumba ikipokea jua la magharibi, vijia vyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli, maji ya mvua yakishuka tangini, na miti ilipandwa kabla ya tofali la kwanza. Saa saba mchana watoto walikuwa wanacheza uwanjani, munakumbuka wenyewe.

Mwaka 2013 akaja mkubwa mpya wa mradi wa nyumba za kambi, jina lake sitalitia mdomoni, akasema mtaa umekaa ovyo, kwamba mgeni akipita na gari anaona migongo tu ya nyumba, hana mlango wa kupiga picha, basi zivunjwe, zijengwe za mabati kwa mistari iliyonyooka, zote zitazame barabara. Zitazame barabara, jamani! Yaani zitazame jua la saa tisa, watu waive ndani kama viazi, ili picha itoke vizuri. Na ninyi wazee wa kamati, muliokaa hapa mbele na suti zenu, mukakubali, kwa sababu bati linang'aa na kwetu mwenye bati ni mtu wa heshima, mukakata hata miti. Ptuu! Inachefua.

Kaka hakumtukana mtu, alikwenda Kaberebere, akaenda Mbarara, akabisha hodi kila ofisi, akaokoa nyumba sita tu, moja ikiwa yake, presha ikampanda na haikushuka tena. Alilazwa Mbarara mwezi wa tatu mwaka huu, akarudi nyumbani, akalazwa tena, na Ijumaa tarehe 11 Septemba 2015, alfajiri, akatutoka akiwa na miaka 54.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, bwana Zubairi, mfanyabiashara wa Mbarara aliyeleta maiti nyumbani kwa gari lake, mke wake Habibah aliyetupikia siku zote za hospitali, mafundi waliofanya naye kazi, na majirani wa zile nyumba sita waliochimba kaburi.

Ofisi ya mradi imetuletea hema hili na maua, na imeomba nafasi ya kueleza jinsi ilivyompenda marehemu. Familia imekataa. Jana, maiti ikiwa bado njiani, watu wao walipiga rangi nyekundu kwenye ukuta wa shemeji Umwiza, ati Jumatatu nyumba inavunjwa, na mjane apewe ya bati. Hawana haya hata kidogo!

Kwa hiyo ibada haitaendelea chini ya hema lao, tunahamia sasa hivi uwanjani kwa marehemu, kuna kivuli, na kila mtu abebe kiti chake, na ninyi wazee wa kamati pia, lakini atakayekiweka pale leo ajue kwamba hatakiondoa mpaka Jumatatu ipite. Pumzika kwa amani, kaka Semahoro, tunakuja kukaa kwako.