Mike Otieno na Kona ya Nne ya Ngome ya Ansab

Wapendwa mlioketi katika ua huu wa Mabela, mimi ni kaka yake Susan, mjane wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, kazi ambayo yeye mwenyewe angeifanya vizuri zaidi, kwa maana hakupenda mambo ya haraka haraka.

Mike Otieno alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Ukwala, Ugenya, akiwa mtoto wa tatu, akasoma msingi hapo hapo, akamaliza sekondari Kisumu mwaka 1975, akajifunza upimaji na uchoraji wa ramani, kisha akaajiriwa Pwani na wataalamu waliokuwa wakichimba magofu, na tangu siku hiyo hakuwaza kazi nyingine. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na dada yangu, wakajaliwa mabinti wawili, Velma mwaka 1986 na Joy mwaka 1990, na sisi wakwe tulinung'unika sana kwamba msichana wetu ameolewa na mtu anayelipwa kupangusa vumbi.

Hapa Muscat alifika Septemba 1994, na mwaka 1998, barabara mpya ilipopangwa kupita Ansab, yeye na wenzake walikuta chini ya mtaa ngome ndogo ya askari wa zamani waliolinda njia itokayo milimani. Wengine wenu mlidhani ni ya Warumi wa Pilato, naye alichoka kuwasahihisha. Walipata kuta, jiko, vyumba vya kulala na kona tatu, lakini kona ya nne, ambako vipimo vyake vilionyesha lango na kisima, ilikuwa chini ya ua wa Bi Shariffa, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja.

Mike alikwenda kuomba ruhusa ya kuchimba, Bi Shariffa akasema haiwezekani, mndimu wake utakufa, na Mike, aliyelelewa kutobishana na mama mtu mzima, alishukuru, akaaga, hata kahawa hakuimaliza. Msimu ulipokwisha walitandaza kitambaa juu ya kuta, wakamwaga mchanga safi, wakaifukia ngome yote ili isiharibike, kama ilivyo desturi ya kazi yao. Mwaka 2003 nyumba ya Bi Shariffa iliuzwa, naye akahamia hapa Mabela, mmiliki mpya akachimba msingi wa ghorofa, na kona ya nne ikazolewa na tingatinga asubuhi moja, Mike akiwa amesimama ng'ambo ya barabara.

Lililomuumiza zaidi lilikuja baadaye, Bi Shariffa alipomwambia kwamba kwao jibu la kwanza ni la heshima tu, kwamba alimngoja arudi kuomba tena, hata halwa alinunua, na mndimu wenyewe ulikuwa umeshakauka nusu. Tangu hapo Mike hakuitaja ngome ile bila kutikisa kichwa, na mara nyingine alilia mbele ya watoto wake. Tulimwambia yaishe. Hayakuisha.

Alianza kuugua figo Juni 2007, akatibiwa hapa hapa mjini, hali ikabadilika mwezi uliopita, na tarehe 11 Februari 2009, saa nne asubuhi, alituacha, Susan akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wafanyakazi wenzake waliopokezana zamu kitandani pake, na majirani wa Ansab waliotupikia.

Shukrani za mwisho ni za Bi Shariffa. Mwenye nyumba wetu alipokataa mkusanyiko, tulikuja hapa kumwomba ua huu, naye akasema ni mdogo, utamwaibisha mbele ya wageni. Mimi nilishainuka niende zangu. Susan akanivuta nikaketi, tukanywa kahawa hadi ikaisha, tukaomba tena, ndipo akatuonyesha mikeka, ilikuwa imeshaoshwa na kuanikwa.

Kesho unasafiri kwenda Ugenya, shemeji. Tulirudi kuomba mara ya pili, na hapa ndipo tulipoketi. Pumzika kwa amani.