Garland Huskins, Shemasi Aliyepiga Kura ya Hapana

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, na hasa ninyi mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha, huyu tunayemsindikiza leo, Garland Weaver Huskins, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1936 hapa hapa Laurel Fork, North Carolina, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Amos Huskins, mpasua mbao, na Mama Lottie, na mama yake alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo Jumapili pekee ambayo Garland alikosa kanisani kwa sababu ya maana.

Kaka yake, Hoyt, alimtangulia kwa miaka mitatu, na wawili hao walilala kitanda kimoja hadi Hoyt alipooa, wakabatizwa siku moja mtoni, tarehe 16 Mei 1948, maji yakiwa ya baridi kiasi kwamba Hoyt alipotoka meno yakimgongana alimnong'oneza mdogo wake, "Vuta pumzi sasa hivi, ukishaingia hutaweza."

Alisoma Shule ya Laurel Fork kuanzia mwaka 1942, akamaliza sekondari ya wilaya mwaka 1954, akatumikia jeshi miaka miwili huko Ujerumani, na aliporudi mwaka 1957 aliajiriwa kiwanda cha soksi, akawa fundi wa mashine za kufuma kwa miaka arobaini na mmoja hadi alipostaafu mwaka 1998, na wenzake waliopo hapa watashuhudia kwamba alikuwa akipita katikati ya mashine sitini zinazonguruma, akasimama, akanyoosha kidole na kusema, "Ile pale ina sindano iliyopinda," na ikawa kweli.

Jumamosi tarehe 20 Juni 1959 alifunga ndoa na Verlene Jane Setzer, binti aliyemcheka alipokosea noti kwenye kwaya, na Mungu akawajalia watoto wawili, Darrell mwaka 1961 na Nadine mwaka 1964, na baadaye wajukuu wanne.

Mwaka 1968 kanisa hili lilimwekea mikono kuwa shemasi, na hapa familia imeomba msomaji asipite haraka, kwa kuwa miaka ile ya themanini, Wabaptisti wa Kusini walipokuwa wakigawanyika, wengine wakitaka makanisa yote yafuate tamko moja, wengine wakishikilia kwamba kila kanisa hujiamulia na kila mtu atajibu mwenyewe mbele za Mungu, ugomvi huo haukuishia magazetini, uliingia humu ndani na ukaketi kwenye viti hivi mnavyovikalia.

Jumatano tarehe 10 Septemba 1986 lilitajwa jina la mwalimu Iva Lou Crump awe shemasi, mwanamke wa kwanza, na Garland alisimama akapinga, akasoma waraka wa Paulo kwa Timotheo unaosema shemasi awe mume wa mke mmoja, akapiga kura ya hapana, na akashindwa, kura 61 kwa 48, na wengi walidhani atahama kama walivyohama wengine, lakini Jumapili iliyofuata alimngoja Iva Lou mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Dada Iva Lou," alimwambia, "siku ya kukuwekea mikono, yangu sitaiweka, nisije nikawa mnafiki. Lakini kanisa limekuchagua, na mimi ni wa kanisa hili."

"Ahsante, Ndugu Garland," Iva Lou akamjibu. "Wewe umeniambia usoni. Wenzako wamenipa visogo."

Mwaka uliofuata Ushirika wa Makanisa wa wilaya ulipanga kulifukuza kanisa la Laurel Fork kwa sababu ya shemasi huyo mmoja, na aliyepeleka hoja alikuwa Mchungaji Hoyt Huskins, kaka yake wa kitanda kimoja, aliyekuwa akichunga kanisa jirani, naye alikuwa akiamini kwa moyo wake wote anachokisema, na kanisa lilipotafuta mjumbe wa kwenda kujibu, hakuna aliyetegemea kwamba mkono utakaoinuka ungekuwa wa Garland.

"Unakwenda kumtetea mtu uliyempinga mwenyewe?" Verlene alimuuliza jikoni, unga wa mikate ukiwa umemfika viwikoni.

"Siendi kumtetea mtu, Verlene. Naenda kutetea kura iliyonishinda."

"Na Hoyt?"

Alichukua kitambaa akaanza kukausha vyombo vilivyokwisha kukauka.

Jumanne tarehe 20 Oktoba 1987, mbele ya wajumbe wa makanisa thelathini na manane, fundi huyu ambaye hakuwahi kuhutubia zaidi ya watu mia alishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kusema, "Ndugu zangu, mimi nilipiga kura ya hapana, na mkinirudisha leo nitapiga hapana tena. Lakini babu zetu walipigwa viboko na kufungwa jela kwa sababu walikataa serikali iwachagulie namna ya kumwomba Mungu. Hawakutoka kwenye jela ile ili sisi tuwajengee watoto wao nyingine."

"Mwenyekiti," Hoyt aliinuka, "hata mdogo wangu anakiri kwamba jambo hili ni kosa!"

"Nakiri ninavyoona mimi, kaka. Dada Iva Lou anaona vingine, na yeye pia hupiga magoti anapoomba. Nani kati yenu aliyepewa dhamiri mbili, ya kwake na ya jirani?"

Kura zilihesabiwa, 212 kwa 57, na Laurel Fork ikafukuzwa, na kule nje kwenye magari Hoyt alimwambia kwa sauti ya chini, "Umewachagua watu, ukaiacha damu yako," naye Garland akamjibu, "Jumamosi tunampasulia Mama kuni. Njoo na msumeno, wangu umelika meno," na Hoyt alikuja kweli, wakapasua kuni tangu asubuhi hadi mchana bila kusemezana neno, na ndivyo walivyofanya kila mwaka hadi mama alipofariki mwaka 1990, kisha hata kuni zikakosekana, nyumba zao zikawa mbali ingawa barabara ilikuwa ni ile ile.

Mwaka 1994 Verlene aligundulika kuwa na saratani, na kila Jumanne, kwa miezi kumi na mmoja, Shemasi Iva Lou alikuja na birika na taulo kumwosha nywele, na nywele zilipokwisha aliendelea kuja akiosha kichwa kitupu kwa maji ya uvuguvugu huku wakicheka mambo yao, Garland akiwasikiliza kutoka barazani, na Verlene alipolala tarehe 12 Machi 1995 alikuwa ameushika mkono wa Iva Lou kwa upande mmoja na wa mumewe kwa upande wa pili.

Mwezi uliofuata Garland alisimama kwenye mkutano wa kanisa akaomba kura yake ya mwaka 1986 ibadilishwe iwe ndiyo.

"Ndugu Garland," katibu alimwambia kwa upole, "kura ya karibu miaka tisa haibadilishwi."

"Najua. Basi iandikwe tu kwamba nimeomba."

Iliandikwa, na ipo.

Mwaka 2003 Hoyt, akiwa amestaafu na amefiwa na mkewe, aliomba kuja kuketi tu na mdogo wake Jumapili, na baadhi ya mashemasi wakang'aka, wakisema aliyetutoa nje asikanyage ndani, ndipo Iva Lou, mwenyekiti wao, akasema, "Aje. Akitaka kunikataa, anikatae akiwa amekaa," na tarehe 5 Oktoba, siku ya Meza ya Bwana, sinia ya mkate ilipomfikia ikiwa mikononi mwa Iva Lou, Hoyt alitikisa kichwa, kwa kuwa dhamiri yake ilikuwa haijamruhusu, na Garland, ambaye hakuwahi kuiacha meza hiyo impite tangu abatizwe, aliiacha impite siku ile, ili kaka yake asikae bila kula peke yake.

Mwaka 2016 moyo wake ulianza kuchoka na mapafu kujaa maji, akatibiwa hadi madaktari waliposema arudi nyumbani, na Jumatano tarehe 6 Novemba 2019, saa nne asubuhi, Iva Lou alimwombea, na kutoka upande wa pili wa kitanda kaka yake, mzee wa miaka themanini na sita, akaitikia "Amina" kwa sauti ambayo kila mtu chumbani aliisikia, na Garland akatulia.

Tunawashukuru madaktari, na wauguzi waliokuja nyumbani hata barabara ilipokuwa na barafu, tunawashukuru majirani kwa kuku, kwa maharage na kwa kufagia uwanja bila kuombwa, tunawashukuru wenzake wa kiwandani, tunalishukuru kanisa hili, waliosema ndiyo na waliosema hapana, na tunakushukuru wewe, Baba Mkubwa Hoyt, uliyeketi leo kiti cha mbele kando ya Shemasi Iva Lou, mkiwa mnatumia kitabu kimoja cha nyimbo.

Pumzika kwa amani, Garland, kwa Bwana yule uliyemwachia kila mtu amjibu kwa kinywa chake mwenyewe.